Dola 300 za kwenda kutazama mpira

Wiki hii nimeiweka kando mada niliyokuwa nimeitayarisha, na sababu ni barua moja iliyotufikia studio kutoka kwa msikilizaji wetu wa Mbagala. Mzee huyu ni mstaafu, na ana kijana anayesoma mwaka wa 2 katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Ohio, nchini Marekani. Kijana ameomba atumiwe dola 300, ambazo kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi laki 7, ili aende na wenzake "kutazama mpira" jimbo la jirani la Pennsylvania. Ataondoka Ijumaa na kurudi Jumapili. Mzee anauliza: mpira gani huo wa kuchukua siku 3? Kisha anamalizia hivi: "Mwandishi, wewe umetembea. Niambie kama mwanangu ananidanganya, ili nijue moja."

Simjui kijana, kwa hiyo siwezi kumtolea ushahidi. Safari anayoisema, hata hivyo, naijua, maana niliwahi kuifunga mwenyewe. Mwaka 2024 nilikuwa Columbus, makao makuu ya Ohio, kwa mdogo wangu anayefanya kazi huko. Yeye na wenzake 2 walinichukua tukaenda hadi mji wa State College, Pennsylvania, kuitazama timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State ikicheza ugenini na wenyeji Penn State. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 2 Novemba. Njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba nakwenda kuona mchezo wa wanafunzi. Nikakuta watu 111,030 uwanjani, idadi ambayo uwanja ule ulikuwa haujawahi kuifikia.

Kwanza tuelewane kuhusu mpira wenyewe. Huu si kandanda yetu. Ni ule mchezo wa Kimarekani wenye mpira uliochongoka ncha mbili, wachezaji 11 kila upande, kofia ngumu kichwani na mito mabegani. Timu hupewa nafasi 4 za kuusogeza mpira yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Saa ya mchezo ni dakika 60, lakini husimamishwa kila mara, na mechi moja humalizika baada ya saa 3 na nusu hivi. Anayepanga safari na aishike hesabu hiyo ya pili.

Mechi ya kwanza ya vyuo inayotambuliwa ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 mjini New Brunswick, jimbo la New Jersey, kati ya Rutgers na chuo ambacho leo kinaitwa Princeton. Wageni walikuja kwa treni, wakafungwa 6 kwa 4, wakarudi kwao. Kwa hiyo safari ya ugenini ina umri sawa na mchezo wenyewe. Timu za kulipwa huko hucheza zaidi Jumapili. Sheria ya mwaka 1961 iliziwekea kikwazo zisirushe mechi zao kwenye televisheni Jumamosi katika miezi ya mchezo wa vyuo, na tangu hapo Jumamosi imebaki mali ya wanafunzi. Kila timu hucheza mechi 12 kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba, na karibu nusu yake ni za ugenini.

Sasa tazama lilipo tatizo. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani havikujengwa katika majiji bali katika miji midogo. State College ina wakazi wapatao 40,000. Siku ya mechi mji huo hupokea watu zaidi ya mara 2 ya wakazi wake, wote wanataka pa kuegesha gari, pa kula na pa kulala, na wote wanataka kuondoka saa ile ile. Shabiki wa Simba au Yanga anayekwenda Mbeya hupanda basi la usiku, akifika anatafuta gesti, akikosa ya kwanza anapata ya pili. Huko ukifika bila chumba hupati cha pili wala cha kumi.

Juu ya hapo kuna jambo ambalo kwetu lingeonekana kama utani. Tarehe ya mechi hujulikana mwaka mzima kabla, pengine zaidi. Saa ya kuanza haijulikani. Timu hizi ziko katika ligi iitwayo Big Ten, yaani Kumi Wakubwa, ambayo tangu mwaka 2024 ina vyuo 18. Hao ndio wasomi na hesabu zao. Tangu mwaka 2023 haki za kurusha mechi kubwa za ligi hiyo zimegawanywa kwa stesheni 3 za televisheni: Fox, ambayo hupenda saa 6 mchana, CBS ya saa 9 na nusu alasiri, na NBC ya usiku. Mechi chache hupangiwa saa mapema. Zilizobaki hungoja stesheni zichague, aghalabu siku 12 kabla ya mechi, na mara nyingine siku 6 tu. Kwa maneno mengine, shabiki analipia chumba mwezi wa 6 au wa 7, na hajui kama atakuwa ametoka uwanjani saa 10 jioni au saa 5 usiku. Mechi tuliyoiona sisi iliangukia saa 6 mchana. Wenyeji walinung'unika, kwa kuwa waliitaka usiku, lakini sisi wenye safari ndefu tulishukuru.

Kwa sababu hiyo anayejua kupanga huanza na kitanda, kabla hata ya tiketi. Hoteli za miji ya vyuo hupandisha bei wikiendi za mechi, na nyingi hazikubali usiku mmoja. Unalipa 2 hata kama unalala 1. Sisi tulipata funzo mapema. Mdogo wangu alikuwa ameshika chumba kwenye gesti moja, ambayo sitaitaja, tangu mwezi wa 7, kwa bei ya kawaida. Wiki 3 kabla ya safari tukaletewa ujumbe kwamba kumetokea hitilafu, nafasi yetu imefutwa, pesa zinarudishwa. Pesa zilirudi kweli. Chumba kilirudi pia kwenye matangazo, kwa bei mara 2. Hatukuwa na la kufanya ila kutafuta kwingine, na hapo ndipo busara ya mdogo wangu niliipenda. Hakutafuta mji ulio karibu zaidi na uwanja. Alitafuta mji ulio kwenye njia ya kurudi nyumbani. Tukalala Clearfield, karibu na barabara kuu ya kwenda magharibi, kiasi cha kilomita 65 kutoka uwanjani. Wenye kutoka upande wa kusini hulala Altoona kwa hesabu hiyo hiyo.

Tiketi nayo ina mambo yake. Chuo mwenyeji hukipa chuo mgeni fungu la viti, aghalabu kule juu kabisa kwenye kona, na chuo mgeni huwauzia watu wake kwa foleni: wafadhili, wenye tiketi za msimu, kisha wanafunzi kwa utaratibu wanaotangaziwa. Mwanafunzi aliyejiandikisha mapema anaweza kupata tiketi halali kwa bei iliyoandikwa. Aliyechelewa atanunua kwa mtu wa pili, kupitia makampuni ya mtandao yanayouza tiketi za mkononi, na hapo bei huenda na ukubwa wa mechi. Sisi, kwa uvivu wa watu wazima, tulichelewa. Kila mmoja alitoa zaidi ya dola 200.

Tiketi ya karatasi imekwisha siku hizi. Tiketi iko ndani ya simu, na huhamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Picha ya tiketi aliyotumiwa mtu kwa ujumbe si tiketi, na hapo ndipo vijana wengi huliwa pesa zao. Tena, watu laki moja wakisimama mahali pamoja wakiwa na simu, mtandao hulemewa. Tiketi ihifadhiwe kwenye simu tangu hotelini, na simu iwe na chaji. Jambo moja limekuwa afadhali: tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu inawalazimu wauzaji wa tiketi na wenye hoteli kuonyesha tangu mwanzo bei pamoja na ada zote za lazima, badala ya kumnasa mteja mwishoni.

Njia yenyewe ni kilomita 500 na ushee, saa 5 na nusu hadi 6 kwa gari. Chukulia kama Dar es Salaam hadi Moshi, ila barabara ni pana na hakuna wa kukuuzia machungwa dirishani. Tulitoka Ijumaa mchana tukafika usiku. Jumamosi tuliamka saa 11 alfajiri, na saa 2 asubuhi gari lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa majani pamoja na maelfu ya mengine. Kuna desturi wanayoiita teligeti: watu hufungua nyuma ya gari, huwasha jiko la mkaa au la gesi, huchoma nyama, hukunjua viti, na kukaribisha hata asiyewajua. Nilidhani tutatukanwa kwa kuvaa nyekundu ya Ohio State. Kweli tulizomewa njia nzima, lakini aliyekuwa akituzomea kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyetupa soseji. Mgeni anayejua adabu hucheka, hashiki bendera ya wenyeji, habishani na mlevi, na timu yake ikishinda hushangilia akiwa kwenye kiti chake, halafu anafunga zipu ya koti.

Neno mlevi halikunitoka kwa bahati mbaya. Kwenye viwanja vile vya magari pombe hutiririka. Sheria huko inakataza pombe kwa aliye chini ya miaka 21. Kwa kijana wa Kimarekani kosa hilo ni faini na aibu, lakini kwa mwanafunzi wa kigeni mambo huenda mbali zaidi: kukamatwa tu akiendesha gari amelewa kunaweza kumfutia viza. Vilevile sheria ya Marekani inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea awe na hati zake za uhamiaji mwilini. Wanafunzi wengi huziacha bwenini kwa kuogopa kuzipoteza. Anayekwenda jimbo jingine na aende nazo.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Novemba ya Pennsylvania si Julai ya Makambako. Viti ni mabenchi ya bati, na unakaa hapo saa 3 na nusu. Tandika magazeti chini ya miguu. Najua mhariri atafurahi kusikia matumizi hayo ya gazeti, lakini yanasaidia kweli. Begi usibebe. Viwanja vingi hukubali mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo tu, vingine havitaki mfuko wa aina yoyote, na kanuni hubadilika. Zisomwe wiki ile ile ya mechi. Mmoja wetu hakuzisoma, akarudishwa mlangoni, akatembea nusu saa kwenda na nusu saa kurudi kuliacha begi garini. Robo ya kwanza aliisikia kwa kelele.

Nitawaambia na matokeo, maana najua mtaniuliza. Penn State ilikuwa haijaifunga Ohio State tangu mwaka 2016. Kipindi cha mwisho, wageni wakiongoza 20 kwa 13, wenyeji walifika yadi 3 kutoka mstari wa goli. Yadi 3 ni hatua 3 za mtu mzima. Walikuwa na nafasi 4 na watu laki moja wakiwapigia kelele, wakashindwa kupita. Mzee mmoja wa kizungu mbele yetu alivua kofia, akaitazama kama ndiyo iliyokosea, akaivaa tena. Ikabaki 20 kwa 13 hadi mwisho.

Tulitoka uwanjani kabla ya jua kutua. Ilituchukua zaidi ya saa 1 kulitoa gari kwenye majani. Kisha dakika 50 hadi Clearfield, supu, na kitandani. Jumapili asubuhi tukaondoka tukiwa watu wazima wenye akili timamu.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa Mbagala na dola zake 300. Nimeitafuta karatasi niliyoandika gharama zetu. Chumba kimoja cha watu 4, kwa usiku 2, dola 380. Kila mmoja 95. Petroli kwenda na kurudi, dola 80. Kila mmoja 20. Maegesho dola 60. Kila mmoja 15. Chakula, tukijibana, dola 50 kwa mtu. Jumla ni dola 180, na hapo tiketi bado. Katika dola 300 zinabaki 120 za tiketi, na tumekwisha kuona kwamba sisi tulitoa zaidi ya 200.

Kwa hiyo, Mzee, safari ya namna hiyo ipo, na kiasi hicho cha pesa si cha kubuni. Shaka yangu iko upande mwingine. Dola 300 hazitoshi kwa urahisi. Ikiwa kijana alipata tiketi ya chuo kwa bei iliyoandikwa, au ikiwa mechi si ya wakubwa kwa wakubwa, zinaweza kutosha. Ikiwa sivyo, kuna kitu amekipunguza, na wanafunzi wakipunguza huanzia kwenye kitanda. Ijumaa hulala sakafuni kwa rafiki. Jumamosi husema, "Tutarudi usiku huo huo, tutapokezana usukani." Na hapo "kurudi Jumapili" huwa ni kurudi Jumapili alfajiri.

Fanya hesabu hiyo pamoja nami. Televisheni ikiichagua mechi iwe ya usiku, inaanza saa 1 na nusu. Inakwisha saa 5 usiku. Kutoka kwenye maegesho, saa 6 na zaidi. Hapo ndipo wanaanza kilomita 500, baada ya kuamka alfajiri, kusimama na kupiga kelele mchana kutwa, na pengine mmoja wao amekunywa. Pennsylvania ni katika majimbo yanayoongoza Marekani kwa magari kugonga kulungu, na majira yao ya kuzurura barabarani ni hayo hayo ya Oktoba hadi Desemba, zaidi usiku. Mdogo wangu, ambaye si mwoga, alikataa katakata kuendesha usiku ule hata kwa mechi ya mchana.

Kwa hiyo usimwulize kama anakwenda kweli kwenye mpira. Swali hilo litamuudhi na halitakuambia kitu. Mwulize watalala wapi Jumamosi usiku, na akupe jina la mji. Mwulize gari ni la nani, nani ana leseni, na bima inamhusu nani. Wakikodi gari na dereva ana chini ya miaka 25, kampuni nyingi huongeza malipo, na wapo wanaoandikisha dereva mmoja kisha usukani wakampa mwingine ambaye bima haimjui. Mwulize kama mechi imekwisha kupangiwa saa. Kijana aliyepanga safari atakujibu maswali hayo bila kumeza mate, kwa sababu ameshahangaika nayo wiki nzima. Asiyekuwa na jibu la kitanda, mimi nisingemtumia dola 300. Ningempigia simu kwanza, tukae tuizungumze, na ikibidi nimwambie akodi nafasi kwenye basi, maana baadhi ya vyama vya wanafunzi hukodi mabasi kwa mechi za ugenini, na dereva wa basi amelala mchana.

Ningeongeza hata dola 50, kama unazo, za chumba tu. Najua ninayasema haya mfukoni mwa mtu. Mwanafunzi wa kigeni wa viza ya kawaida haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo, kwa hiyo 50 hizo kwake hazipatikani kwa siku moja.

La mwisho ni la simu. Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa 8 usiku, Wamarekani hurudisha saa zao nyuma kwa saa 1. Ikiwa mechi ya kijana ni ya Jumamosi inayoamkia siku hiyo, kama ilivyokuwa yetu, na akakuahidi kukupigia akishafika Jumapili saa 9 alasiri ya kwake, usihesabu kama ulivyohesabu Jumamosi. Jumamosi saa 9 alasiri ya Ohio ni saa 4 usiku ya Mbagala. Jumapili itakuwa saa 5. Saa 4 ikipita simu haijalia, bado yuko njiani.